Mkono Usioshika Pasi

Saa mbili na robo asubuhi, mvuke umeshafunika vioo vya duka dogo la kupiga pasi huko Evere, ughaibuni. Berthe Nabintu, mzaliwa wa Bukavu mwenye umri wa miaka hamsini na sita, anatandaza shati la tano mezani. Anaanza na kola, kisha mabega. Akimaliza shati anatulia kidogo, kama mtu anayesikiliza mlango.

"Minasikiliza moyo," anasema. "Zamani sikujuaka hata kama iko."

Kwenye meza ya pili yuko Latifa, mkazi wa mtaa wa Molenbeek, mwenzake kazini kwa miaka tisa. Wao huongea Kifaransa. Tangu Berthe apone na kurudi kazini kwa nusu siku, Latifa humwahi kwenye makapu mazito kabla hajayainamia.

Februari mwaka jana, Berthe aliumwa taya na mkono wa kushoto siku tatu, na chakula hakikukaa tumboni. Alikwenda hospitali. Akaambiwa amechoka, akapewa dawa ya tumbo. Hakubisha. Katika kazi hii kila mwanamke anaumwa mkono.

Latifa ndiye aliyeona.

"Nilimwuliza: Maman Berthe, pasi unaishika kwa mkono wa kulia, mbona unakanda wa kushoto?" anakumbuka. "Akacheka. Lakini jasho lilikuwa linamtoka kama aliyenyeshewa."

Latifa alizima pasi zote mbili, akapiga 112, namba ya dharura.

Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba. Ulizibuliwa, lakini sehemu ya msuli wa moyo ilikuwa imeshakufa.

Mumewe, Florent, alipatwa na ugonjwa huohuo miaka minne kabla yake. Yeye alishika kifua katikati ya kwaya, kanisani Saint-Gilles.

"Kila muntu alijua, ni moyo!" anasema Berthe. "Ambulance ilifika wimbo haijaisha."

Leo Florent anapandisha kigari cha soko mpaka ghorofa ya tatu. "Mie, ghorofa moja tu, nasimama. Ananichekaka: 'Maman, nikubebe?' Namuambia, alors, beba!"

Madaktari wanasema mshtuko wa moyo huwapata zaidi wanaume. Lakini wanawake wengi huchelewa kutibiwa, na kati ya wanaolazwa, wao hufariki kwa kiwango kikubwa zaidi. Sababu moja ni umri, kwani mshtuko huwapata wakiwa na umri mkubwa kuliko wanaume. Nyingine ni kwamba baadhi yao huanza na uchovu, taya, mgongo au kichefuchefu, mambo ambayo hakuna anayeyaogopa.

Saa nne kasoro robo, Berthe anasimamisha pasi. Anagusa taya.

"Imerudi?" Latifa anauliza.

"Kidogo tu. Acha nimalize hili shati."

"Shati litangoja. Vaa koti."

"Na mwenye shati?"

"Naye atangoja. Ana mengine, mtu gani ana shati moja?"

Kwenye teksi Latifa amemshika Berthe kiganja, na hakiachii mpaka wanafika hospitali.

Mapokezini Berthe anaulizwa kama kifua kinauma. Mwaka jana alijibu hapana, akarudishwa nyumbani. Safari hii haishii kwenye hapana.

"Kifua hakiumi. Taya ndiyo inauma, na nilishapata infarctus, mshipa wa moyo uliziba. Naomba mnipime moyo sasa hivi."

Muuguzi, Anne-Marie, anamchukua papo hapo. Kabla ya kumbandika nyaya za kipimo, anasugua viganja vyake vipate joto.

Damu inapimwa, kisha inapimwa tena. Ukumbini Latifa anakunja kitambaa chake, anakikunjua, anakikunja. Kila mlango unapofunguka anasimama.

Saa saba mchana daktari anarudi. Moyo haujajeruhiwa, anasema, ila haupati damu ya kutosha. Kesho asubuhi watautazama mshipa na kuutanua.

"Umekuja mapema, madame," anamwambia.

Berthe anageukia ukuta na kulia kidogo. Latifa anavuta kiti, anaketi karibu na miguu yake.

"Kesho minaogopa, sitadanganya," Berthe anasema baadaye. "Lakini nikitoka hapa, nitasimama mbele ya bamama ba kanisa. Bwana yangu alipoanguka, kila muntu alijua ni moyo. Sisi, donc, banatuambia ni uchovu. Minataka kila mama ajue mbele ya kuanguka."