Ndizi, Mwavuli, Kengele, Punda, Sabuni

Mzee aliyekuwa amesahau jina la mke aliyeishi naye miaka arobaini aliingia ofisini kwangu, akakaa, akanikazia macho.

"Ndizi, mwavuli, kengele, punda, sabuni."

Jamani, nilikuwa hata sijamuuliza kitu!

Ngoja niwaeleze. Mimi ni daktari wa magonjwa ya akili, nafundisha chuo kikuu, na kwa miaka kumi na tisa nimetafiti ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee. Nilikuwa najaribu kidonge kipya. Kila Jumanne mgonjwa anasomewa maneno matano, tunapiga stori kidogo, halafu anayarudia. Maneno yale yale kila wiki. Uvivu wangu, nakiri.

Matokeo yakawa yanapanda tu. Mkuu wa kitivo akanipigia simu.

"Profesa mtarajiwa! Lete ripoti Ijumaa, kiti chako kipo."

Kile kiti nilikitaka mpaka nakiota.

Sasa shida. Nusu ya wagonjwa nilikuwa nawapa vidonge bandia, unga mtupu, ili nilinganishe. Nao walipata tano kwa tano. Tena ndio walioongoza!

Nikatoka nje kupunga upepo. Mlinzi akanipigia saluti.

"Shikamoo daktari. Ndizi, mwavuli, kengele..."

"Nani kakufundisha?"

"Bosi, si wanaimba humo ndani kila Jumanne?"

Nikanyata mpaka chumba cha kusubiria. Wazee kumi na wawili wamekaa wima kwenye mabenchi. Mbele yao kasimama bibi mmoja, kashika mwavuli uliofungwa kama fimbo.

"Baada ya kengele?"

"Punda!"

"Wewe wa nyuma, acha kusinzia! Punda tunamwogesha na nini?"

"Sabuni!"

Yule alikuwa mama yangu mzazi.

Mama alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na tano. Sasa naye anaumwa ugonjwa huo huo. Hayumo kwenye utafiti, ila nyumbani hakuna wa kubaki naye, kwa hiyo Jumanne namkalisha pale na gazeti. Mwaka wa pili huu hajui kuwa mimi ni mwanawe. Ananiita daktari.

Pembeni mwa gazeti lake, maneno yote matano aliyoyasikia mlangoni, kwa mwandiko wake mzuri.

"Mama, unaniharibia kazi!" nilifoka. "Miaka kumi na tisa!"

Akanivuta kando, akanong'ona.

"Pole, daktari. Wanasema wakifeli unanyong'onyea sana, nikaona tukusaidie. Nina mwanangu anasomea udaktari huko mbali. Siku akikwama, ningependa naye apate wa kumsaidia."

Nililia pale pale. Mzee mmoja akanipa leso.

"Usijali, daktari. Hata mimi zamani nilikuwa nafeli."

Ijumaa nilipeleka ripoti ya kweli: kidonge hakifanyi kitu. Kiti akapewa mwenzangu anayetafiti usingizi. Utafiti wangu mpya hauna kidonge, una mabenchi, ubao na mwalimu mmoja.

Juzi nikamuuliza mwalimu mwenyewe yale maneno. Hakukumbuka hata moja.

"Mbona unaniuliza mimi? Waulize wanafunzi!"

Ndugu zangu, nimejifunza. Acheni kuwasumbua wazazi wenu na "unanijua mimi ni nani?" Mimi nilimwuliza mama swali hilo miaka miwili, kumbe muda wote alikuwa ananihangaikia.