Gemu Lililovutwa Kama Mlenda

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni kwanza simu chini. Najua hamtaweka. Basi someni hivyo hivyo kwa jicho moja, maana ndivyo mnavyofanya kila kitu siku hizi. Mnakula kwa jicho moja, mnaamkia wazee kwa jicho moja, shikamoo yenyewe inatoka huku kidole gumba kinakimbia kwenye kioo. Mimi nilisoma madarasa machache tu kule Mvumi, lakini macho yangu nayatumia yote mawili.

Nataka kusema juu ya magemu, na sikusimuliwa. Nimeyaona hapa nyumbani kwangu Area D, kwa sababu mjukuu wangu, binti wa mwanangu, alimaliza chuo, kazi hakupata, akashika hiyo. Anakwenda kwenye banda la gemu mjini, anacheza gemu mpaka mwisho, kisha anajirekodi kwa simu akisema wapi ni pazuri na wapi ni pabovu. Watu wanamsikiliza. Nilimuuliza wanamsikiliza wa nini, watu wazima na akili zao. Akasema, "Bibi, wanataka kujua kama linafaa kabla hawajanunua."

Hilo nililielewa. Kwetu hata aliyepika pombe huonja yeye kwanza mbele ya wageni, ndipo kibuyu kizunguke.

Lakini vitu vyenyewe! Alinionyesha gemu la kilimo kwenye simu, akidhani litanifurahisha. Mtama unapandwa, chai haijapoa umeshakomaa. Mvua inakuja ukiiita. Hakuna kwelea kwelea hata mmoja. Nikamwambia, shamba lisilo na ndege wa kufukuza limelimwa na mtu aliyelala. Akanionyesha la vita. Mtu anapigwa risasi, anaanguka chali, mara anaamka kama ametoka kuoga. "Huyu si amekufa?" nikauliza. "Amekufa, Bibi, ila amebakiwa na maisha mawili." Sasa mtu mwenye akiba ya maisha ataogopa nini, na asiyeogopa ushujaa wake uko wapi? Nikamwachia simu yake.

Wanaoyasifia ndio walionichosha zaidi. Wanakaa mbele ya taa wamechana nywele vizuri, wanatoa alama kama walimu. Nane kwa kumi. Nikauliza, mbili zimekwenda wapi? Hakuna anayejua. Mwingine kacheza mwanzo tu, kaonja povu, tayari ana alama mkononi. Na nilimwona kijana mmoja, mwanaume mwenye ndevu, akijirekodi analia machozi ya furaha kwa sababu ameonyeshwa tangazo la gemu ambalo bado halijatoka. Halijatoka! Yaani mtu kaonyeshwa picha ya ng'ombe, anapangusa mdomo na kusema ameshiba.

Hayo ningeyaacha yapite, kila kizazi kina upuuzi wake. Ila yaliingia ndani ya nyumba yangu.

Liko gemu la mtu mwenye panga na nywele ndefu anayevuka nchi kumtafuta dada yake. La kwanza mjukuu wangu alilipenda, la pili akalipenda. La tatu lilipotoka, mwenye banda alilipata mapema kuliko wenzake mjini, na binti akalicheza lote, akawa anarudi nyumbani macho mekundu kama mtu aliyeshinda na kuni mbichi. Kisha akajirekodi. Sikumfundisha mimi maneno yale, yalitoka kinywani mwake mwenyewe. Alisema, "Gemu hili wamelivuta kama mlenda. Unavuta, unavuta, mwisho wake hauuoni, na ugali umeshakwisha."

Nilicheka, nikasema huyu kweli ni wangu.

Mashabiki hawakucheka. Walimshukia kama nyuki. Wakamwambia aende akapike. Wakamwambia mwanamke anajua nini. Wakamwambia arudi kijijini kwao akale huo mlenda. Wengine wakamtaja mama yake, mke wa mwanangu, mtu mpole asiyejua hata gemu linawashwaje, kwa maneno ambayo sitayaandika. Wakataka afute aliyosema na aombe radhi, la sivyo wote watamwacha na atabaki anajisemea peke yake. Kwa kitu gani? Kwa mtu wa picha mwenye panga. Jirani akiibiwa mbuzi hawatoki nje, lakini mtu wa picha akisemwa wanapiga yowe la kijiji kizima.

Jumamosi moja mchana nilikuwa uani napeta uwele. Nikamsikia ndani anajizoeza mbele ya simu: "Naomba radhi kwa mashabiki wote niliowakosea..." Anasema, anakosea, anaanza tena. Sauti ilikuwa ya mtoto aliyevunja chungu.

Nikamwita. "Umemkosea nani?"

"Siwajui, Bibi. Ni wengi."

"Wamelicheza hilo gemu?"

"Wengi bado. Wanalisubiri."

"Na wewe je, ulichosema ulikiona, au uliota?"

"Nilikiona."

"Sasa radhi ya nini?"

Akakaa kwenye kinu kilicholala, akaanza kulia. Akasema nisichoelewa ni kwamba kazi yake ni hao watu, wakiondoka ndiyo mwisho. Angewavumilia, akasema, lakini hata mwenye banda amemgeuka, mtu aliyemwamini kama kaka, naye kaandika tusi pale pale mbele ya wote. Yeye ameshamfungia mtu huyo kwenye simu, na bandani hakanyagi tena. Bila banda hana pa kuchezea. Amebaki na kuomba radhi tu.

"Kaandika nini?"

Akasoma huku anafuta pua. "'Mgogo anajua gemu? Mgogo anajua kuomba tu barabarani. Kwanza rudisha pedi yangu ya kuchezea, umeitia mlenda.'"

"Huyo mtu ni wa wapi?"

"Tabora, Bibi. Mnyamwezi."

Nilicheka mpaka uwele ukamwagika kutoka kwenye ungo. Binti akanitazama kama nimepandisha mashetani. Hapo ndipo nilipojua kwamba mwanangu na mkewe wamemlea huyu mtoto mjini, wamemlipia ada miaka yote hiyo, na hakuna aliyemwonyesha mtani wake ni nani, kwamba Mgogo na Mnyamwezi hutaniana tangu mababu. Yaani katika umati mzima wa watu waliomtukana, alimfungia mlango yule mmoja tu aliyekuja kumtania, na wale wengine ndio anawapigia magoti.

"Mfungulie," nikamwambia. "Mpigie simu. Mwambie Bibi anamwita."

Alikuja na bajaji jua likiwa bado kali, kijana mnene, shati limelowa mgongoni. Hakupiga hodi ya kawaida. Alisimama getini akapaza sauti kwa salamu yetu ya Kigogo, "Mbukwenyi! Hapa ndipo kwa ombaomba? Nimeleta makombo!"

"Pita, mpagazi," nikamjibu. "Tua mzigo. Babu yako alipita hapa na pembe za ndovu za watu kichwani akilia maji, tukampa, hongo ya kupita nchi yetu hakumaliza kulipa. Umeileta?"

"Maji yenyewe yalikuwa na chumvi! Nyie ndio mnatudai au sisi?"

"Mwone huyo, amenenepa kwa asali ya wizi."

"Na wewe, mke wangu, unazeeka vibaya." Kisha akainama, akatoa kofia, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Binti alikuwa mlangoni, mdomo wazi. Kijana akamgeukia. "Wewe dada, umenifungia kwa lipi? Nimeona kina fulani wanakushambulia, nikasema ngoja nimtanie Mgogo wangu acheke. Kesho yake siku nzima nakungoja bandani, hutokei."

"Uliniita ombaomba mbele ya watu wote!"

"Sasa nikuite nani, bosi?"

Nikamweleza binti pale pale. Nikamwambia babu yako alipokufa, mtani wake Mnyamwezi alilala juu ya jeneza akasema mzee huyu mlafi hazikwi mpaka kilipwe alichokula kwake. Tukampa kuku. Na huyo huyo ndiye aliyeingia kaburini na jembe, hakumpisha mtu mpaka lilipotimia kina. Mtani ana tusi, na ana jembe. Hao wako wa kwenye simu, wana nini? Jina si lao, picha si yao, kufa leo uone kama atakuja hata mmoja kushika koleo.

"Wala hawaji kucheza," kijana akadakia. "Niliwatangazia waje banda, sehemu ya kwanza bure. Hajaja hata mmoja. Wanasema hawataki kujiharibia utamu."

"Kwa hiyo unakubali gemu ni baya?" binti akamuuliza.

"Nani kakwambia? Gemu ni zuri. Wewe una haraka. Pale kwenye daraja ulipita mbio, hukumsikiliza yule mzee."

"Yule mzee anarudia hadithi moja vijiji vyote!"

"Hairudii! Kila kijiji anaacha kitu. Ndipo unapojua dada alikufa zamani."

"Nilijua tangu kijiji cha pili. Ndiyo maana nikasema wamelivuta."

Wakabishana mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye kinu. Sikuelewa daraja wala mzee, na sina haja. Kwangu bado ni watu wa picha, na muda ule wangenisaidia kuokota uwele. Lakini nilitambua sauti ile. Ni ya watu wawili waliokula chungu kimoja, mmoja anasema chumvi imezidi, mwenzake anakataa. Hakuna aliyemtaja mama wa mtu. Na binti yangu alikuwa amesahau kulia.

Mwishowe akaona simu yake pale mkekani, radhi bado haijarekodiwa. Uso ukamrudia ule wa mchana. "Bibi, wanangoja. Nifute au nisifute?"

"Ukifuta," kijana akasema, "mimi nitabishana na nani? Na hao? Hao wanajua kulia kwenye matangazo tu. Wateja wamenipungua kwa ajili yako, ombaomba, watarudi, au wasirudi. Kesho nakufungulia banda mapema."

Binti alimwangalia, kisha akaniangalia mimi. Nikamwita mkwe wangu atoke jikoni na mikono yake ya unga, na mwanangu aliyekuwa ndio kwanza anaingia getini nikamsimamisha hapo hapo, nikawaambia wote: "Maneno ya huyu mtoto hayafutwi. Hakuna mtu wa nyumba hii atakayemwomba radhi mtu ambaye hajaonja. Akija wa kubisha na amelicheza mpaka mwisho, mfungulieni, mpikieni, abishe mpaka achoke. Ambaye hajalicheza, mwacheni nje na jua."