Nyumba Kumi na Vipande vya Sabuni

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha Tarime, palizi ya ulezi ilinishinda. Aliyewahi kulima ulezi ananielewa: magugu yake yakiwa machanga yanafanana nao, kwa hiyo unainama na kung'oa kwa mkono, shina kwa shina. Nilikuwa peke yangu, nimeletwa na barua ya uhamisho kutoka Upare, na shamba lile ndilo lililokuwa unga wangu wa mwaka mzima. Wiki ile ikipita bila palizi, basi tena.

Wakurya wana njia yao ya kumaliza kazi kama hiyo. Wanaiita risaga. Majirani huingia shambani kwa mmoja wao, wakamaliza kazi ya wiki kwa asubuhi moja, kisha mwenye shamba huwapa chakula na togwa. Nami nilingoja risaga inifikie. Asubuhi moja nikasikia wanawake wakiimba, nikatoka na kanga begani. Walikuwa kwenye mahindi ya nesi wa misheni.

Nesi alikuwa na miezi mitatu tu pale. Alikuwa Mjapani, ila Mjapani aliyezaliwa Brazili, ambako wazazi wake walihamia kulima kahawa. Kiswahili nilimfundisha mimi. Na bibi jirani yangu, niliyempa shikamoo kila siku kwa miaka miwili, alikuwa amesimama naye mstari mmoja, akimtania kwamba anashika jembe kama kijiko. Mimi hakuwahi kunitania. Nikaona wivu, nikarudi ndani, chai nikaimwaga.

Mchana nikamfuata bibi nyumbani kwake.

"Bibi, nimewakosea nini?"

"Hujatukosea, mwalimu. Wewe ni wa serikali."

"Na yule?"

"Yule alipiga hodi."

Nilipofika, barua yangu niliipeleka kwa balozi wa nyumba kumi. Akaandika jina langu, nami nikaamini nyumba zote kumi zimenijua. Nesi, siku yake ya pili tu, alikata mche wa sabuni vipande, na wakati huo sabuni ilipangiwa foleni duka la ushirika. Akavifunga kwa gazeti, akavipeleka nyumba hadi nyumba, akikabidhi kwa mikono miwili. Kwangu pia alileta. Nilidhani ni ada ya masomo ya Kiswahili niliyokubali kumpa.

Jioni, kwenye somo, nikamuuliza, na sikuuliza kwa wema. Akasema mama yake alifanya hivyo Brazili. Alishuka melini bila neno moja la Kireno, akazunguka kwa majirani na vitaulo, akiinama. Wengine walimcheka, wakapokea.

"Kwetu mgeni ndiye anayeanza," akasema.

"Kwenu wapi?"

Akaweka kalamu chini. "Japani nilienda mara moja. Walicheka ninavyoongea. Kwa hiyo hapo, mwalimu, sijui."

Akarudi kwenye daftari lake. Ningepaswa kumwonea huruma. Nilichokiona moyoni mwangu ni furaha ndogo, mbaya, kwamba na yeye kuna mahali hapendwi. Naiandika kwa sababu ndivyo wivu ulivyo. Ukiufahamu mapema utakusumbua kidogo. Na wewe unayehamishiwa ugenini, barua peleka kwa balozi, lakini miguu peleka kwa majirani. Hujachelewa, hata kama umekaa miaka.

Sabuni sikuwa nayo. Nilifunga chumvi. Kesho yake nikaanzia kwa bibi. Akaipokea, akaipima mkononi, akanitazama.

"Miaka miwili ulikuwa njiani, mwalimu? Ulikuja kwa magoti?"

Nikacheka mpaka nikafuta macho.

Jumamosi majirani wakaja shambani kwangu, na ulezi ukapona. Nesi alikuja pia. Bibi akamweka kando yake, wakawa wanacheka jambo fulani kwa Kikurya, lugha ambayo sikuwahi kujisumbua kujifunza. Nilikuwa mistari mitatu mbali nao. Nikaongeza mwendo, nikaruka mashina mengine bila kuyapalilia, ili nifike walipo kabla kicheko hakijaisha.