Mpiga Picha Aliyefungua Kamera Juani

Habari ya kifo chake imeletwa na muuza mihogo kutoka Bengamisa: mpiga picha wetu wa zamani amezikwa huko, mbali na mtaa alimotupiga picha sote. Wasomaji wa umri wangu wataikumbuka kamera yake ya Kijerumani, nzito kama tofali, aliyorithi kwa mjomba wake. Aliitazama kutoka juu, kichwa ameinamisha, na kioo cha ndani kikamwonyesha sura yako. Akibonyeza, kioo kiliruka na sura ikazimika mpaka avute filamu tena. "Kila mara nakupiga, unapoteya," alituambia, nasi tukacheka.

Kisha vikaja vita, majeshi ya kigeni yakagawana mji wetu wa Kisangani. Jumapili moja, baada ya misa, afande mmoja alimwamuru apige picha za vijana wote waliokuwa uwanjani, mmoja mmoja, uso kwa karibu. "Ni kumbukumbu ya mji," alisema kwa upole. Mke wa mpiga picha, binti wa wavuvi wa maporomoko ya mto, alimnong'oneza mumewe: "Papa, souvenir gani ya sura tu, bila mama, bila mutoto?" Langoni kulikuwa na bunduki. Tulipanga mstari tukinyoosha kola. Mimi hata nilitabasamu.

Alipomaliza, afande alinyoosha mkono kuichukua kamera. Nilikuwa karibu nao, nikakiona kidole cha mpiga picha kikisukuma kibanio. Mfuniko wa nyuma ukafunguka, filamu ikamwagika kwenye jua kali, picha zote zikaungua. "Pardon, chef. Mashine iko muzee, inajifungulaka yenyewe." Afande alimtazama kwa muda mrefu bila hasira, na utulivu ule ndio uliotutisha. Kisha askari wake wakamponda mkono wa kulia kwa kitako cha bunduki, wakaondoka na kamera.

Wiki hiyo hiyo walianza kupita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta vijana waliosema vibaya juu yao. Majina walikuwa nayo. Sura hawakuwa nazo. "Ule? Alishaenda Isangi," mama yangu aliwajibu, nami nimesimama uani mbele yao. Wenzangu wawili walichukuliwa, hawakurudi. Sisi wengine tuko hai. Yeye alikimbilia Bengamisa akalima kwa mkono mmoja, wala hakupiga picha tena.

Siku hizi tunagawa sura zetu na za watoto wetu kwa yeyote mwenye simu. Sizichukii picha. Ila vita vilinifundisha kumwogopa mtu mpole anayetaka kujua ninafananaje na ninalala wapi. Akija mtaani kwenu, mnyimeni jibu, hata kama kumnyima kutawaumiza.