Tangi la Mbele ya Geti

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mkokoteni uliponiletea tangi jeusi jipya hapa Gitothua. Nilikuwa nimevaa rinda la kanisani, na haikuwa siku ya kanisa. Nilitaka mtaa mzima unione nikilipokea, lakini kuliko mtaa wote nilitaka anione Mama Nekesa.

Juzi, ulipokuwa ukifua hapo nje, nilikusikia ukimsema yule dada wa nyumba nambari nne. Ulisema anajifanya mjuaji, na mitungi yake ya maji iliyojaa chini ya kitanda, na sukuma wiki zake kwenye magunia mlangoni. Ploti hii mnayopanga ni yangu, na kuta zake ni nyembamba, mwenyewe unajua. Sikukuingilia. Sauti ile niliitambua, kwa maana miaka thelathini iliyopita ilikuwa yangu.

Mama Nekesa alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta, mama aliyenizidi umri kidogo, aliyetoka upande wa Bungoma. Mumewe na wangu walifanya kazi kiwanda kimoja kule Thika, mshahara ule ule. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi ni mwenyeji, yeye ni mtu wa kuja, na bado hakuna kitu alichokosa. Stima ikipotea, dirisha lake ndilo la kwanza kuonyesha mwanga. Mvua ikilowesha makaa yangu, yake yalikuwa makavu ndani ya pipa lenye mfuniko. Alikuwa na mapipa matatu ya maji ya mvua, na juu ya kabati alikuwa na mkebe wa biskuti ambao sikujua una nini. Nakwambia, niliuchukia hata huo mkebe. Nilikuwa nikiosha vyombo huku namhesabia vitu vyake, mpaka chai yangu mwenyewe ikawa hainipendezi.

Sikumuuliza hata siku moja amefanyaje. Nilitaka tu kumshinda.

Tulikuwa na chama cha akina mama, na kila mwezi mmoja wetu alinunuliwa kitu cha nyumba. Wengine waliomba sufuria, wengine viti. Zamu yangu ilipofika niliomba tangi, kubwa kuliko mapipa yote ya Mama Nekesa yakiwekwa pamoja. Fundi alitaka kuliweka nyuma ya nyumba, chini ya mteremko wa mabati, akanishauri tununue gata za kukinga maji. Nilikataa. Huko nyuma nani angeliona? Tukalisimamisha mbele, kando ya geti, mahali pasipo na paa. Nikasema siku moja nitalijaza kwa mpira wa bomba. Siku hiyo haikufika.

Wanachama walikuja kunywa chai na kulisifu. Mama Nekesa naye alikuja, akalizunguka polepole, akaligonga kwa kidole.

“Tangi ni kubwa, Mama Kimani,” akaniambia. “Sasa itakunywa maji ya wapi?”

Nikajua tu ananionea wivu. Alipoondoka niliwaambia wenzangu hivyo, tukacheka, na nilifurahi wiki nzima.

Kisha kiangazi kikaja, na bomba kubwa la mtaa likapasuka. Mifereji ilikauka siku tisa. Mama Nekesa alifungua geti lake, akawa anampa kila jirani mtungi mmoja kwa siku, na foleni ilipita mbele ya tangi langu. Ningewezaje kushika mtungi nikapange foleni kwa yule mwanamke, na tangi kubwa kuliko yote mtaani limesimama kwangu? Nilinunua maji ya mkokoteni bila kuuliza yametoka mto gani. Makaa yalikuwa yamebaki vumbi, kwa hiyo maji yale niliyapasha tu, hayakuchemka. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Langu lilivuma kila upepo ulipopiga, na majirani walisikia.

Siku ya sita Kimani wangu, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, alianza kuharisha. Kesho yake mchana macho yalikuwa yameingia ndani, na alipolia hayakutoka machozi. Baba yake alikuwa kazini Thika. Nilimbeba mpaka getini, na hapo, mwanangu, nikasimama. Mtoto alikuwa anakauka mikononi mwangu, nami nafikiria ni uso gani nitamwonyesha Mama Nekesa. Hilo najua Mungu amenisamehe, lakini mimi bado.

Yeye ndiye aliyeniona. Alinivuta mkono mpaka jikoni kwake, akateremsha ule mkebe wa biskuti. Ndani kulikuwa na tochi, kiberiti, kadi za kliniki za watoto wake, pakiti za dawa ya chumvi ya mtoto anayeharisha, na karatasi yenye jina la jirani mwenye pikapu. Basi, hayo tu ndiyo niliyoyaonea kijicho. Akamtuma mwanawe mbio kumwita mwenye pikapu, akakoroga ile dawa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, tukamnywesha Kimani kijiko kwa kijiko mpaka pikapu ikaja, tukaendelea kumnywesha njia nzima hadi hospitali. Daktari alisema kuchelewa mpaka jioni kungekuwa jambo lingine.

Mtoto alipopata nafuu, Mama Nekesa alinisema mara moja tu.

“Mama Kimani, umeniangalia miaka yote hii, na hujawahi kuniuliza kitu hata moja. Mimi nilianza na sufuria chini ya paa.”

Nililia. Nitakwambia ukweli, nusu ya machozi ilikuwa shukrani, na nusu ilikuwa wivu ule ule, maana sasa hata kwa wema alikuwa amenishinda.

Tangi lile sasa liko nyuma, chini ya gata, na maji yake ndiyo unayofulia bomba likikauka. Huko hakuna mgeni aliyewahi kulisifu. Mama Nekesa alirudi kwao uzeeni. Nikimpigia simu akaniambia ameanika maharagwe, au amepata taa ya jua, kitu bado kinanichoma hapa kifuani. Tofauti ni kwamba siku hizi namuuliza amefanyaje, na naandika.

Basi sikiza nasaha yangu. Wivu utakuja, sitakudanganya kwamba utaisha, ila usiuache ukuchagulie pa kuweka tangi. Leo jaza mtungi mmoja, uufunike. Kesho tafuta mkebe, uweke kadi za mtoto na ile dawa ya chumvi. Simu iwe na chaji kabla stima haijapotea, na ujue ni nani mwenye gari hapa ploti. Haba na haba hujaza kibaba, na akiba haiozi. Lakini kabla ya yote hayo, piga hodi nambari nne umuulize alianzia wapi. Kuuliza si ujinga.

Mungu akupe mvua na paa la kuikinga. Wanao wanywe maji safi wakue, na siku ya taabu ikija, ikukute mlango wa jirani umeshauzoea. Haya, nenda sasa. Nimesikia kufuli la nambari nne likifunguliwa, amerudi kazini.