Mgomo, Majani na Mama Mkwe

Kazi ya ukonda Kasulu, ukiwa na mdomo tayari umefaulu nusu. Nusu iliyobaki ni kigingi. Kigingi ni kipande cha mti kilichochongwa kabari. Gari likisimama mlimani, konda unaruka nacho, unakisukumiza nyuma ya tairi kabla gari halijaanza kurudi lilikotoka. Kwa makonda wenzangu kigingi kilikuwa cha tahadhari. Kwenye basi letu ndiyo ilikuwa breki yenyewe.

Suka wangu, maana sisi dereva tunamwita suka, alikuwa mtu mzima, mpole, hatukani hata mbuzi aliyelala barabarani. Mwaka ule baada ya kambi ya wakimbizi ya Mtabila kufungwa, alimwendea tajiri, yaani mwenye basi, akamwambia breki zinazama. Unakanyaga mpaka chini, gari linaendelea na shughuli zake.

"Endesha taratibu," tajiri akasema.

"Bosi, taratibu ni ya kupanda. Kuteremka Malagarasi hakuna taratibu."

Suka akaegesha, akarudisha funguo, akasema breki zikitengenezwa aitwe. Tajiri akamwambia asijisumbue kurudi. Miaka yote ile ya kazi ikaisha kwa sentensi moja, kwa sababu mkataba hakuwa nao. Hakuna aliyekuwa nao. Mkataba wetu wote ulikuwa neno moja la jioni: "Kesho uwahi."

Tajiri akaleta deiwaka, dereva wa kuokoteza siku moja moja. Jamaa alizunguka nalo stendi mara moja tu, akalisimamisha kwa kuliingiza kwenye rundo la mchanga wa watu waliokuwa wanajenga choo. Akashuka, akanikabidhi funguo mimi. "Mdogo wangu," akaniambia, "mimi nina watoto." Nikabaki konda asiye na suka, mwenye basi lililokula mchanga.

Hapo ndipo suka akapeleka shauri kwenye chama, tawi letu la madereva na makondakta. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mkata tiketi, anayekaa kwenye kibanda cha mbao na kalamu imechomekwa kwenye kilemba. Mimi nilikuwa katibu mwenezi. Usifikirie shule, mimi niliishia la saba, na hiyo la saba nayo ilishukuru nilipoondoka. Walinichagua kwa sababu stendi haikuwa na spika.

Chama kina utaratibu, na utaratibu wake ulikuwa unaniua. Mimi nilitaka tugome siku ileile, ikiwezekana saa ileile, kabla sijapoa. Mwenyekiti akasema hapana, kwanza mtu anaendewa. Akamwendea tajiri, akanywa chai, akarudi na jibu la hovyo. Akamwendea tena na wazee wawili wa madereva, wakanywa chai wote, wakarudi na jibu lilelile. Nikamwambia, "Mama, sasa tunagoma au tunafungua mgahawa?" Ndipo akaitisha mkutano, na wenye magari wote akawaarifu mapema, na ofisi ya stendi, na polisi, kwa adabu kama anapeleka kadi za harusi.

Kura haikuwa ya karatasi. Mwenyekiti alisimama juu ya benchi akasema, "Anayetaka mwenzetu arudi kazini, na gari litengenezwe, akaweke kigingi kwenye tairi la gari lake. Asiyetaka, aondoke na gari lake sasa hivi, hatumzomei."

Aisee! Nilikimbia na kigingi changu kama nimesikia gari linarudi nyuma. Huku kwenda Kibondo, kule kwenda Kigoma, pale kwenda Munanila, kila konda ameinama chini ya tairi. Walipoinuka hapakuwa na gari hata moja linaloweza kusogea. Na mimi kigingi changu nilikiweka kwenye basi ambalo lingesimama hata bila kura, lilikuwa bado ndani ya mchanga.

Masharti yakasomwa. Hakuna kutukana (wote wakanigeukia), hakuna mawe, hakuna pombe. Na wagonjwa na wafiwa wanasafiri. "Hatugombani na maiti," mwenyekiti akasema. Gari moja la zamu lingefungwa majani mabichi mbele, kama magari ya msiba yanavyofungwa, lipeleke wenye shida za kweli. Atakayewapima shida zao ni katibu mwenezi.

Yebabawe! Sikujua Kasulu ina misiba hivyo. Kufika asubuhi watu wamepanga mstari, kila mmoja na tawi lake mkononi, miti ya jirani imebaki uchi. Akaja jamaa na kuku watano.

"Umefiwa na nani?"

"Bibi."

"Lini?"

Akafikiri. "Bado kidogo. Ananisubiri nifike."

"Na kuku?"

"Wao walikuwa wanamfahamu."

Akaja mwalimu mmoja wa kutoka mikoa ya mbali, suruali imepigwa pasi. Akasema yeye ni mtumishi wa serikali. Nikamwambia, "Pole mwalimu, serikali ikifariki utakaa siti ya mbele." Akacheka mpaka akaniazima gazeti lake nikalie. Mama mmoja alilia vizuri sana, machozi ya kweli, nikampitisha. Nikamwona ndani ya gari anamenya muwa.

Siku ya pili, tukiwa tumezoea raha hiyo, akatokea tajiri mwenyewe. Kavaa kanzu, koti juu, macho mekundu. Nyuma yake kina mama wamejifunika khanga, na mbele yao shangazi ya mkewe, mzee mwembamba mwenye fimbo na sauti ya filimbi. Mimi kwa mazoea nikashika kazi.

"Umefiwa na nani, bosi?"

"Mama mkwe. Kibondo. Wanazika baada ya alasiri."

"Lini ame—" Mwenyekiti akanifinya mkono mpaka nikaona nyota mchana.

"Pole sana, baba," akamwambia tajiri. "Innalillahi." Na stendi nzima ikavua kofia. Bwana, kuzikiwa mama mkwe wewe hupo! Hata ungekuwa na mabasi kumi, ukweni ungeitwa mtoro mpaka wajukuu wako wazeeke.

Tajiri alitaka basi lake. Gari la zamu lilikuwa limeshaondoka na wagonjwa, na basi lake lilitosha ukoo wote. Mwenyekiti akasema msiba ni msiba, kigingi kitolewe. Nikatoa. Tukalisukuma basi kutoka kwenye mchanga, wakwe nao wakisaidia, nikafunga tawi kubwa mbele. Kina mama wakapanda, wakakaa. Bado kitu kimoja.

"Dereva nani?" shangazi akauliza.

Wote tukamtazama suka. Alikuwa amesimama pembeni na shati lake safi, maana alikuja stendi kila siku ya mgomo akiwa amevaa vya kazini. Akasogea, akampa tajiri mkono wa pole, mikono miwili.

"Bosi, msiba wako ni wangu. Lakini gari hili siwezi. Breki hazina kitu."

Tajiri akacheka kile kicheko cha kukohoa. "Maneno ya stendi hayo, shangazi. Tunakwenda taratibu."

Shangazi akateremka ngazi moja. "Huyu ndiye aliyekuwa akiendesha?"

"Ndiye."

"Na anasema breki hamna?"

"Anasema, lakini—"

"Mkwe, marehemu ni mmoja. Unataka tufike wangapi?" Akawageukia wenzake. "Teremkeni!"

Wakateremka wote kama maharage kwenye gunia lililotoboka. Wakatandika mikeka palepale katikati ya stendi, wakaketi, msiba ukaanza upya. Wapiga debe wakawaletea maji. Mimi nilikuwa nimeuma ulimi nisicheke, na kicheko kikawa kinatokea puani.

Fundi wa stendi akaingia uvunguni, akatoka na jibu: raba za pampu ya breki zimekwisha, mafuta yanavuja, upepo umejaa kwenye mabomba. Zinapatikana wapi raba? Hapo kila mtu akatazama ng'ambo ya barabara. Duka kubwa la spea za magari Kasulu lilikuwa la nani? La tajiri. Alikuwa anawauzia raba wenye mabasi wote, isipokuwa yeye mwenyewe. Nilitumwa dukani kwake kuleta, nikakimbia, na kijana wa kaunta akauliza nani analipa. Nikamwambia muulize mwenye duka, yuko pale kwenye kanzu.

Raba zikabadilishwa. Sasa ilibaki kutoa upepo, na kazi hiyo inataka mtu juu kwenye pedali wakati fundi yuko chini.

"Suka, panda ukanyage," tajiri akasema.

"Bosi, mimi si mfanyakazi hapa. Siwezi kukalia usukani wa watu."

"Na wewe, konda?"

"Mimi nimegoma, bosi."

Saa zilikuwa zinakwenda. Tajiri akapandisha kanzu, akapanda mwenyewe.

"Kanyaga!" fundi akapiga kelele toka uvunguni.

Tajiri akakanyaga. Mguu ukaenda mpaka chini, pwa, kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Niliuona uso wake. Ulipoteza rangi yote ya kitajiri.

"Hii... imekwenda yote," akasema.

"Ndiyo, bosi," suka akajibu, kwa upole uleule.

"Shikilia! Achia! Kanyaga!" Stendi yote ikashika wimbo, makonda kwa wapiga debe, kanyaga, achia, kanyaga, mpaka jasho likamtoka tajiri kwenye kofia. Shangazi akawa anapiga fimbo yake chini kwa mdundo. Polepole pedali ikaanza kukataa kuzama. Ikasimama katikati, ngumu kama jiwe. Tajiri akaikanyaga tena mara kadhaa bila kuambiwa na mtu.

Akashuka. "Suka, twende."

Mwenyekiti akauliza, "Anakwenda kama nani?"

Nilijua na tajiri alijua, hapa tungeweza kumbana achie kila kitu. Vijana nyuma wakaanza, "Mkataba! Mkataba kwanza!" Mimi ndiye niliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Mwenyekiti akanyoosha mkono. "Mfiwa habanwi. Mkataba tutauongea tanga likianuliwa. Sasa namuuliza hilo moja tu."

Tajiri akatazama chini, akamtazama shangazi. "Kama dereva wangu."

"Mwenezi, hawajasikia," mwenyekiti akaniambia.

Nilipanda juu ya bampa. Sijawahi kuita abiria wa Kibondo kwa sauti ile. "Amerudi! Suka amerudi kazini!" Vigingi vikaanza kutoka kwenye matairi, injini zikawaka moja baada ya nyingine, na yule wa kuku akauliza kama sasa anaweza kusafiri hata kama bibi yake ni mzima.

Kwenye mteremko wa Malagarasi suka alikanyaga breki kidogo. Basi likatii, likapunguza mwendo lenyewe, bila kigingi, bila dua. Shangazi akapiga kigelegele kirefu, halafu akakumbuka tunakwenda wapi, akajiziba mdomo na khanga. Tajiri alikaa mbele. Kila suka alipokanyaga, na mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu.

Tuliwahi mazishi.

Tanga lilipoanuliwa, tajiri alikuja mwenyewe kwenye kibanda cha tiketi. Suka akasaini mkataba wake taratibu, kama anaegesha. Tajiri alipofunua ukurasa wa pili akakunja uso. "Na huyu mwenye mdomo naye yumo?"

"Gari bila konda linakwendaje?" mwenyekiti akasema, bila kuinua macho.

Sikuwa nimeambiwa. Nilichukua kalamu kutoka kwenye kilemba chake, nikaweka sahihi yangu ya kwanza ya kikubwa, ndefu, yenye mkia. Mkia ukapitiliza karatasi, ukaishia kwenye mbao za kaunta. Mwenyekiti alisugua, haukutoka.

"Sasa," suka akaniambia, "kesho uwahi."