Migomba Miwili

Tulinagwe alikuwa akipalilia ulezi mteremkoni alipomwona shemeji yake Isaka akipanda njia bila mzigo. Watu walioshuka Ziwa Nyasa na maharage hurudi na samaki wakavu kichwani. Isaka alikuwa na fimbo mbili tu, yake na ya kaka yake, mume wa Tulinagwe.

"Mbonile yuko wapi?"

Isaka akakaa chini katikati ya ulezi. "Shemeji, tulikuwa tunavuka kwenda Nyasaland. Mtumbwi ulikuwa mbovu, umezibwa kwa matambara. Ukajaa maji karibu na mdomo wa mto Songwe, ukapinduka. Mimi niliung'ang'ania. Yeye sikumwona tena."

Tulinagwe hakupiga yowe. Alipalilia mpaka mwisho wa tuta, akaweka jembe chini. "Bwana," akasema, "umemchukua. Sasa nionyeshe pa kusimama."

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya thelathini, na katika milima ya Ileje karibu kila nyumba ilikuwa na ndugu ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo kanisa lilikuwa limeanza kuchangia mashua imara ya mbao. Baada ya msiba, mchango ukafa. Watu walisema ziwa limekwisha sema neno lake. Naye Mzee Andongwisye, baba yake Mbonile, akatoa neno la ukoo. Mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa kwa mgomba uliovikwa nguo zake; lakini aliyechukuliwa na maji ni wa maji, basi mgomba wa Mbonile utazikwa kule chini ufukweni, si nyumbani.

Tulinagwe alitaka kujibu, lakini mke hasemi na baba mkwe wake wala hamtazami. Wakristo wa kule walikuwa wameacha mengi, hilo hawakuliacha. Basi akamchukua Isaka, wakakaa nyuma ya ua wa matete. Mzee alikuwa upande wa pili, karibu hata pumzi yake ilisikika.

"Shemeji, mwambie baba kwamba Mbonile alibatizwa, hakutolewa kafara. Atalala hapa penye kahawa yake."

Isaka akafungua kinywa, mzee akamkatiza. "Mwambie huyo binti wa wavuvi nimesikia. Mwambie na hili: ziwa halirudishi kilicho chake."

"Mwambie nimezaliwa ufukweni, nilijua kuogelea kabla ya kujua kupika. Nitayavuka maji hayo hayo kwa mikono yangu. Nikivuka, Mbonile anazikwa nyumbani, na mchango wa mashua unaendelea."

"Na akizama? Muulize!"

"Mwambie azike migomba miwili."

Isaka akakohoa. "Baba, hilo sijui kama nilirudie."

"Usilirudie," mzee akasema. "Mwambie avuke, tutaona."

Jumapili, mwinjilisti Boazi akawauliza waumini watatoa nini kwa ajili ya mashua, mjane huyu akifika ng'ambo. Wengine waliahidi kuku, wengine maharage, wengine siku za kazi. Jonasi, mwenye shamba la bondeni, akasimama huku anacheka. "Mimi natoa mvule wangu ule mkubwa! Natoa kwa moyo mweupe, maana najua hautaguswa. Au mama huyu atavuka kwa maombi?"

"Kwa maombi na kwa mikono, kaka Jonasi," Tulinagwe akamjibu. "Wewe kanoe shoka."

Asubuhi ya kuvuka, kule ufukweni, alijipaka mafuta ya nyonyo mwili mzima, akajifunga kaniki barabara. Hakupita karibu na mdomo wa mto, kwa kuwa mamba hupenda maji yale ya matope. Aliogelea kwenda mbele, kuelekea kilindini, mpaka maji yakawa safi, ndipo akageuka kuifuata pwani kwa mbali. Mjomba wake Lusubilo, mvuvi, alimfuata kwa mtumbwi. Isaka alikuwa ndani, ameshika kingo mbili kama mtu aliyepanda punda mkali.

Jua lilipopanda, upepo wa Mwera, ule utokao kusini, ukaanza kusukuma mawimbi. Maji yakamwingia puani. Kisha mguu wa kulia ukakakamaa. Isaka akamnyooshea kasia.

"Shika, shemeji! Imetosha! Hata mzee ataelewa!"

"Ukinigusa, mvule unabaki umesimama! Ondoa kasia lako!"

"Mwache," Lusubilo akasema.

Akalala chali kama mama yake alivyomfundisha, akayaacha mawimbi yambebe huku akiukunja na kuukunjua mguu. Huko chini, mahali fulani, alikuwapo Mbonile. Tulinagwe hakumuaga. "Sikuachi humu," akamwambia, na mguu ulipolegea akageuka, akaendelea.

Watu wa ng'ambo walimwona, wakakimbilia majini kumwokoa. Akawafokea. "Msinishike! Acheni nifike!" Magoti yake yalipogusa mchanga, hapo ndipo alipolia.

Jonasi hakubisha. Alileta shoka mwenyewe, akaupiga mvule pigo la kwanza bila kumtazama mtu.

Mzee naye alimtuma Isaka. "Mwambie mke wa mwanangu kaburi limechimbwa, penye kahawa." Mikono ya mzee ilikuwa na malengelenge. Hakuwa amemwachia mtu jembe.

Waliukata mgomba wa nyuma ya nyumba, wakaupima kwa urefu wa Mbonile. Tulinagwe na mama mkwe wake waliuvika shati jeupe la ibada, wakaufunga kwa shuka. Boazi akaomba. Mzee Andongwisye alisimama upande wa kichwani, uso ameuelekeza mlimani kama desturi ilivyotaka. Tulinagwe alisimama upande wa miguuni. Mgomba ukashushwa. Akaweka fimbo ya Mbonile juu yake, akatupa udongo. Mzee akatupa wake. Wimbo ukaimbwa, wanaume wakafukia, na wanawake wakarudi jikoni kupakua chakula.